Kocha au Kikosi: Kinachoigeuza Timu ya Mpira wa Miguu

Timu ya mpira wa miguu husemwa imegeuka inapotoka katika kupoteza, ikaingia katika kushinda na ikabaki huko. Sharti la kubaki ndilo lenye uzito. Kushinda mechi tatu mfululizo huwezekana hata kwa timu inayoshuka daraja. Kugeuka hupimwa kwa msimu mzima, na kwa uhakika zaidi kwa misimu miwili. Kila jambo hilo linapotokea, wapenzi wa mpira hugawanyika. Wapo wanaosema kazi ni ya kocha: mazoezi, mfumo, nidhamu, upangaji wa kikosi. Wapo wanaosema kazi ilifanywa na usajili, kwa kuwa mpira huchezwa na wachezaji na hakuna kocha aliyewahi kufunga bao akiwa kwenye benchi.

Jibu la swali hili lina gharama. Klabu inayofanya vibaya huwa na fedha zenye kikomo, na zikishalipa fidia ya kocha anayetimuliwa pamoja na mshahara wa anayekuja, hazitanunua tena beki wa kati. Uamuzi wenyewe mara nyingi hufanywa ndani ya siku chache baada ya kipigo, mashabiki wakiwa na hasira na dirisha la usajili likiwa limefungwa. Katika hali hiyo kocha ndiye pekee anayeweza kubadilishwa leo. Makocha wengi huondolewa kwa sababu ni rahisi kuwaondoa, bila mtu yeyote kuthibitisha kwamba wao ndio tatizo.

Ushahidi unaotajwa kwanza ni ule wa timu iliyomtimua kocha katikati ya msimu kisha ikaanza kushinda. Kwa macho, hoja imekwisha: juzi timu ilikuwa hoi, leo ina kocha mpya na pointi tatu. Lakini kocha hutimuliwa timu ikiwa imeshuka chini ya kiwango chake halisi, na mfululizo wa matokeo mabaya huchangiwa na mambo mengi yasiyodumu: majeruhi, ratiba ngumu, mashuti yaliyogonga mwamba, kadi nyekundu. Mambo hayo yakipita, timu hurudi karibu na kiwango chake, awepo kocha mpya au asiwepo. Wachumi Jan van Ours na Martin van Tuijl walilichunguza jambo hili katika ligi kuu ya Uholanzi kwa misimu 14, kuanzia 2000/01. Hawakuishia kwenye timu zilizofukuza makocha. Walizilinganisha na timu zilizopita katika kipindi kibaya cha aina ile ile lakini zikamvumilia kocha wao. Zilizofukuza zilipanda. Zilizovumilia nazo zilipanda, kwa kiasi kinachokaribiana. Matokeo ya Uholanzi yanastahili kusomwa na kila kamati ya utendaji kabla ya kikao cha dharura.

Leicester City iliyapitia hayo mbele ya macho ya dunia. Claudio Ranieri alitimuliwa tarehe 23 Februari 2017, miezi tisa baada ya kuipa klabu hiyo ubingwa wa kwanza wa England katika historia yake, timu ikiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka daraja. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akakabidhiwa timu na kushinda mechi tano za kwanza za ligi. Magazeti yakaandika habari za muujiza. Timu ikamaliza ya 12 kwa pointi 44, nafasi iliyolingana na kikosi kilivyokuwa, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Shakespeare naye akaondolewa.

Ushahidi wa upande wa pili ni wa fedha. Simon Kuper na Stefan Szymanski, katika kitabu chao Soccernomics, walionyesha kwamba klabu za England zikitazamwa kwa miaka mingi, kiasi cha mishahara ambacho kila klabu hulipa hueleza takriban asilimia 90 ya tofauti za nafasi katika msimamo wa ligi. Maana yake ni kwamba soko la wachezaji hupima ubora vizuri kuliko watu wanavyodhani, na timu yenye wachezaji bora hatimaye hukaa juu. Neno la kuzingatia hapa ni “hatimaye”. Katika msimu mmoja uhusiano huo hulegea sana, na kugeuka ni jambo la msimu mmoja au miwili. Mishahara inaeleza timu itatua wapi. Haielezi kwa nini msimu fulani ilianguka, wala nani aliiinua.

Katika Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kulichunguza swali hili ni Kariakoo jijini Dar es Salaam, kwa sababu klabu za Simba na Yanga hubadilisha makocha kwa kasi kuliko zinavyobadilisha uti wa mgongo wa kikosi. Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Kila ubingwa ulikuja na kocha wake: Pierre Lechantre, aliyeingia katikati ya msimu baada ya Joseph Omog kuondolewa, kisha Patrick Aussems, kisha Sven Vandenbroeck, kisha Didier Gomes. Makocha wanne, mataji manne. Waliobaki walikuwa Aishi Manula langoni, Shomari Kapombe na Mohamed Hussein pembeni, Jonas Mkude katikati na John Bocco mbele; juu yao wakaongezwa Meddie Kagere na Clatous Chama mwaka 2018, na Luis Miquissone mwaka 2020.

Agosti 2021 Simba ilimuuza Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Miquissone kwa Al Ahly ya Misri. Katika dirisha hilo hilo Yanga, iliyokuwa imemaliza ya pili, ilimleta kipa Djigui Diarra kutoka Mali, kiungo mkabaji Khalid Aucho wa Uganda, na kundi la Wakongo: Djuma Shaban, Yannick Bangala, Jesus Moloko na Fiston Mayele. Msimu uliofuata Yanga ilicheza michezo yote 30 ya ligi bila kupoteza hata mmoja. Gomes, aliyekuwa bingwa mwezi Julai, aliondoka Simba mwezi Oktoba. Hakuna anayeweza kusema kwa dhati kwamba mtu huyo alisahau kazi yake ndani ya miezi mitatu.

Upande wa pili wa mtaa kuna kisa kinachoeleza zaidi. Mrundi Cedric Kaze aliondolewa kwenye ukocha mkuu wa Yanga Machi 2021. Mtunisia Nasreddine Nabi alichukua nafasi hiyo mwezi Aprili, na timu ikamaliza ya pili vile vile. Kisha, usajili mkubwa ulipokwisha kufanyika, Kaze akarudishwa, safari hii akiwa msaidizi wa Nabi, na wote wawili wakasherehekea ubingwa. Ni kweli kwamba alirudi chini ya mtu mwingine, na sifa za Nabi hazipaswi kupunguzwa. Hata hivyo mafundi wawili waliokuwa wameshindwa kuipiku Simba katika msimu mmoja waliiacha mbali msimu uliofuata, na kilichoingia katikati ya misimu hiyo miwili ni dirisha moja la usajili.

Mwaka 2022/23 Yanga ya Nabi ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-1 na USM Alger nyumbani, kwenye Uwanja wa Mkapa, tarehe 28 Mei 2023, ikashinda 1-0 mjini Algiers tarehe 3 Juni, na kukosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Mayele alikuwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba. Kisha Nabi akaondoka, Mayele akauzwa Pyramids ya Misri, na Feisal Salum akahamia Azam. Klabu ilipoteza kocha, mfungaji na kiungo wake hodari katika kiangazi kimoja, na wengi waliitabiria kuporomoka.

Haikuporomoka, na sababu zake zinaonekana katika pande zote mbili za hoja. Kwenye usajili, walikuja Pacôme Zouzoua na Yao Kouassi kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast, na Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kongo. Kwenye benchi alikuja Muajentina Miguel Gamondi, na kazi aliyoifanya inastahili kutazamwa kwa karibu. Timu ya Nabi ilimalizia mashambulizi kwa mtu mmoja. Mipira kutoka pembeni na pasi za kupenya zilimtafuta Mayele, na wengine waliokota kilichobaki. Gamondi hakuwa na mshambuliaji wa kati wa kiwango hicho. Aliweka viungo watatu, Stephane Aziz Ki, Pacôme na Maxi, nyuma ya mshambuliaji mmoja, wakabadilishana nafasi na kuingia eneo la hatari wakitokea nyuma, pale ambapo mabeki wa kati hawana mtu wa kumshika. Aziz Ki alikuwa Yanga tangu 2022, na chini ya Nabi hakuwa tegemeo la mabao. Chini ya Gamondi alimaliza msimu wa 2023/24 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika timu ilifika robo fainali na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti, baada ya michezo miwili isiyo na bao.

Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam na Tabora United kwa kufuatana, Gamondi naye akaondolewa. Sead Ramovic alikaa hadi Februari, akamwachia Miloud Hamdi, na Juni 2025 Yanga ikatwaa ubingwa wake wa nne mfululizo kwa kuifunga Simba 2-0. Misimu minane, klabu mbili, na mlolongo wa makocha ambao shabiki wa kawaida hawezi kuwataja wote kwa mpangilio. Kuondoka kwa kocha hakukuukata mfululizo wa Simba, wala hakukuukata wa Yanga. Kombe lilihama kutoka Simba kwenda Yanga mara moja tu katika miaka hiyo yote, na lilihama katika mwaka ambao Simba iliuza viungo wake washambuliaji wawili bora huku Yanga ikisajili karibu nusu ya kikosi cha kwanza.

Nabi mwenyewe anaongeza ushahidi. Akiwa na AS FAR ya Rabat, timu iliyokuwa tayari bingwa wa Morocco, alimaliza wa pili msimu wa 2023/24, pointi moja nyuma ya Raja. Akiwa na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, aliyoikuta baada ya kumaliza ligi ikiwa ya 10, alimaliza wa tisa msimu wa 2024/25, ingawa aliipatia Kombe la Nedbank, taji la kwanza la klabu hiyo kwa miaka kumi. Taji la mtoano linaweza kutwaliwa kwa mpango mzuri wa mechi tano. Ligi ya michezo 28 au 30 humrudisha kila kocha kwenye wachezaji alionao.

Hata hivyo ipo mifano ambayo hoja ya usajili peke yake haiwezi kuimeza, na iliyo safi zaidi ni ya Bayer Leverkusen. Oktoba 2022 klabu hiyo ya Ujerumani ilikuwa ya 17 kati ya timu 18, na pointi tano katika michezo minane. Ilimwondoa Gerardo Seoane na kumchukua Xabi Alonso, ambaye hadi hapo, kwa timu za wakubwa, alikuwa amefundisha timu ya pili ya Real Sociedad tu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kwa wachezaji wale wale, Leverkusen ilimaliza ya sita na kufika nusu fainali ya Europa League. Kiangazi cha 2023 mkurugenzi wa michezo, Simon Rolfes, akaongeza wachezaji waliolengwa: Granit Xhaka kutoka Arsenal, Alejandro Grimaldo akiwa mchezaji huru kutoka Benfica, Jonas Hofmann, Victor Boniface. Msimu wa 2023/24 timu ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo wa ligi, kwa ushindi 28, sare sita na pointi 90. Ilicheza michezo 51 ya mashindano yote bila kufungwa, hadi Atalanta ilipoizuia kwa 3-0 katika fainali ya Europa League.

Kwa kuwa mambo mawili yalikuja kwa zamu, mchango wa kila moja unaweza kutenganishwa. Kutoka ya 17 hadi ya sita ni kocha. Kutoka ya sita hadi ubingwa ni kocha pamoja na usajili. Lakini jambo moja husahauliwa katika simulizi hii: msimu wa 2021/22, kabla ya kuanguka, Leverkusen ilikuwa imemaliza ya tatu. Florian Wirtz, Jeremie Frimpong, Jonathan Tah na Edmond Tapsoba walikuwapo. Nafasi ya 17 haikuwa kiwango cha kikosi kile. Alonso hakukuta timu dhaifu. Alikuta timu nzuri iliyopotea njia.

Chelsea ya 2016/17 inasema lile lile. Msimu wa nyuma yake ilimaliza ya 10 kwa pointi 50, chini ya José Mourinho na baadaye Guus Hiddink. Antonio Conte alipofika alianza na mabeki wanne, na tarehe 24 Septemba 2016 akafungwa 3-0 na Arsenal. Katika kipindi cha pili cha mchezo huo alimtoa Cesc Fàbregas, akamwingiza Marcos Alonso na kuhamia kwenye mabeki watatu. Timu ikashinda michezo 13 ya ligi mfululizo, ikamaliza bingwa kwa pointi 93. Victor Moses ndiye kielelezo cha kazi hiyo. Alikuwa winga ambaye klabu ilimtoa kwa mkopo misimu mitatu, kwa Liverpool, Stoke na West Ham. Conte alimpa ubavu mzima wa kulia, apande na kushuka, akiwa na beki wa kati nyuma yake wa kumfichia makosa. Hakununuliwa kwa senti moja msimu ule, naye alicheza ubingwa wote. Na hapa pia, nyuma ya nafasi ya 10 kulikuwa na timu iliyochukua ubingwa wa 2014/15.

Kutokana na mifano hii swali lenyewe linabadilika. Timu huanguka kwa njia mbili. Ipo iliyopotea: wachezaji bado ni wazuri, lakini mfumo hauwafai, wamegombana na benchi la ufundi, wamechoka, au wamewekwa mahali pasipo pao. Na ipo iliyopungukiwa: hata ikicheza vizuri kadiri inavyoweza, wachezaji wake ni wa nafasi ya 12. Iliyopotea hugeuzwa na kocha, tena haraka, kwa kuwa thamani ipo na inahitaji kurudishwa. Iliyopungukiwa haigeuzwi na kocha yeyote kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna cha kurudisha. Kinachotakiwa ni kuongeza. Kipimo cha kuzitofautisha ni kuangalia misimu miwili au mitatu ya nyuma na kuuliza nani ameondoka tangu hapo. Chelsea ya 2016 na Leverkusen ya 2022 zilikuwa za aina ya kwanza. Simba ya vuli ya 2021, bila Chama na Miquissone, ilikuwa ya aina ya pili, na kumtafuta mchawi kwenye benchi kulikuwa kupoteza muda.

Leicester ya ubingwa ndiyo inayoupa mgawanyo huu taabu. Msimu wa 2014/15 ilimaliza ya 14 kwa pointi 41, baada ya kushinda michezo saba kati ya tisa ya mwisho chini ya Nigel Pearson. Msimu uliofuata ilipata pointi 81 na kombe. Haikuwa timu kubwa iliyopotea, wala haikununua ubingwa. Jamie Vardy alitoka Fleetwood, timu iliyokuwa nje ya ligi nne za kulipwa, mwaka 2012; Riyad Mahrez alitoka daraja la pili la Ufaransa Januari 2014. Kilichoongezwa kiangazi cha 2015 kilikuwa kidogo kwa bei: N'Golo Kanté kutoka Caen kwa takriban pauni milioni 5.6, Shinji Okazaki, na Christian Fuchs akiwa mchezaji huru. Ranieri alifanya jambo ambalo makocha wengi hushindwa, yaani kuacha kubadilisha kilichokuwa kinafanya kazi. Alitumia 4-4-2, akaiacha timu ikae nyuma na kumtuma Vardy kwenye nafasi iliyo mgongoni mwa mabeki, na akapanga wachezaji wale wale karibu kila wiki.

Kanté aliondoka kwenda Chelsea Julai 2016. Msimu uliofuata Leicester ilishuka kutoka ya kwanza hadi ya 12, na Chelsea ikapanda kutoka ya 10 hadi ya kwanza. Mchezaji mmoja alitwaa ubingwa wa England mara mbili mfululizo akiwa na klabu mbili na makocha wawili wanaotofautiana karibu katika kila kitu. Hii haiondoi sifa ya Conte, wala ya mabeki watatu. Inaonyesha tu kwamba mfumo wa Conte uliwezekana kwa sababu viungo wawili walitosha kulinda eneo ambalo timu nyingine huhitaji watatu, na mmoja wa hao wawili alikuwa Kanté. Uvumbuzi wa Kanté haukufanywa na kocha. Ulifanywa na wasaka vipaji wa Leicester, waliokuwa chini ya Steve Walsh, walioona katika takwimu za ligi ya Ufaransa kiungo anayepokonya mipira kuliko wenzake.

Timu za taifa zilitarajiwa kumaliza ubishi, maana hazinunui mtu. Morocco ilimwondoa Vahid Halilhodžić Agosti 2022 na kumpa kazi Walid Regragui. Chini ya miezi minne baadaye ilikuwa taifa la kwanza la Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni ushahidi mzuri wa kocha, lakini hata hapo tendo lake la kwanza lililosikika lilikuwa la kikosi: alimrudisha Hakim Ziyech, aliyekuwa amegombana na mtangulizi wake. Nyuma ya kikosi hicho kulikuwa na kazi ya zaidi ya miaka kumi. Akademia ya Mohammed VI ilikuwa imewalea Nayef Aguerd, Azzedine Ounahi na Youssef En-Nesyri, na shirikisho lilikuwa limewashawishi vijana waliozaliwa Ulaya waichezee nchi ya wazazi wao. 14 kati ya wachezaji 26 waliokwenda Qatar kwenye Kombe hilo walizaliwa nje ya Morocco. Regragui alikuta timu iliyopotea kwa ugomvi, ikiwa imejengwa tayari.

Kujenga kikosi, kwa upande wake, hakulingani na kutumia fedha. Chelsea ile ile, chini ya wamiliki wapya, ilitumia zaidi ya pauni milioni 500 katika madirisha mawili ya msimu wa 2022/23, zikiwamo karibu milioni 107 za Enzo Fernández. Ilimaliza ya 12 kwa pointi 44. Makocha watatu walipita, Thomas Tuchel, Graham Potter na Frank Lampard, na chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na wachezaji wengi kuliko nafasi za kukaa. Kilichokosekana ni swali la msingi la usajili: huyu anakuja kucheza wapi, pamoja na nani, na badala ya nani? Usajili usio na jibu la swali hilo huitoa timu katika kupungukiwa na kuitia katika kupotea.

Klabu iliyolijibu swali hilo vizuri zaidi katika kizazi hiki ni Liverpool. Jürgen Klopp alifika Oktoba 2015, timu ikiwa ya 10. Aliibadilisha kwa wiki chache: wachezaji wale wale wakaanza kukimbia zaidi na kupokonya mpira juu kabisa ya uwanja, na mwisho wa msimu walikuwa katika fainali mbili. Walipoteza zote mbili. Makombe makubwa yalikuja baada ya Mohamed Salah mwaka 2017, Virgil van Dijk Januari 2018 kwa pauni milioni 75, na kipa Alisson kiangazi cha 2018. Klopp mwenyewe ameeleza kwamba yeye alimtaka Julian Brandt, na ofisi ya usajili iliyoongozwa na Michael Edwards ndiyo iliyosisitiza Salah. Kocha alikubali kushawishika, na ofisi ilimtafuta mtu anayefaa mpira wa kocha. Ulaya ikapatikana 2019 na England 2020, kwa pointi 99. Klopp alipoondoka mwaka 2024, Arne Slot alirithi kikosi, akamwongeza Federico Chiesa ambaye hakucheza sana, na akatwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Ubingwa huo ni wa Slot, lakini ulianza kujengwa miaka mingi kabla hajafika.

Uzito wa kocha huongezeka pale fedha zinapokuwa ndogo, na hili linaonekana vizuri chini ya vilele vya ligi. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa mara ya kwanza msimu wa 2021/22. Ikiwa chini ya kocha Fred Felix Minziro ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya mashindano ya Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Mayele. Hakuna usajili wa mamilioni uliofanya hayo. Ni timu iliyojua inachokifanya, yenye mfungaji aliyeletewa mipira anayoipenda. Katikati ya msimu uliofuata Mpole alikwenda St Eloi Lupopo ya Lubumbashi, na mwaka 2024 Geita ikashuka daraja.

Klabu za namna hiyo ndizo nyingi katika ligi za ukanda huu, na kwao mpangilio wa matumizi ni muhimu kuliko ukubwa wake. Msimu wa kupanda unaweza kuwa kazi ya kocha hodari mwenye wachezaji ambao wakubwa hawajawaona. Msimu wa pili tayari wameshaonwa na kila mtu, na mikataba ya mwaka mmoja au miwili huwaacha wachezaji waondoke bila klabu kupata fedha za kuwatafutia mbadala. Klabu iliyomaliza ya nne kwa mara ya kwanza, ikiwa na fedha za jambo moja tu, ingefanya vyema kumwongezea mkataba mfungaji wake kabla ligi haijaisha, kisha kumlipa mtu mmoja wa kuzunguka viwanja vya madaraja ya chini kumtafuta atakayemrithi.